Mkunjo wa Yusta

Ukutani kwa Yusta, pale Kihesa mjini Iringa, kuna picha ya mwanamke asiye na uso. Mgeni akiingia mara ya kwanza hujifanya hajaiona. Anaketi, anapokea chai, anasifu mapazia, lakini macho yake yanarudi palepale kama ulimi kwenye jino bovu. Ni picha nyeusi na nyeupe ya miaka ya sabini, imetiwa kwenye fremu ya mbao. Mwanamke ameketi kwenye kiti cha studio, amevaa gauni la maua makubwa lenye kola pana, na amempakata mtoto mchanga anayeitumbulia macho kamera. Nyuma yao kuna pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari ambalo Iringa haijawahi kuwa nalo. Kila kitu kipo mahali pake, isipokuwa uso wa mwanamke. Pale ulipokuwa uso kuna tundu la pembe nne, na kona yake moja ya chini imepinda ovyo, kana kwamba aliyekata alikuwa na haraka.

Mtoto yule ni Yusta mwenyewe. Mwanamke ni mama yake, Eveline, na aliyekata uso wa Eveline ni Eveline mwenyewe, kwa wembe, mezani kwa dada yake huko Kalenga.

Usimcheke. Fungua albamu ya zamani ya familia yoyote, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Tukuyu, utakuta watu wenye matundu. Wakati ule picha ilikuwa kitu cha kupigwa mara moja kwa miaka kadhaa, na kusafishwa kwake kulingojewa wiki nzima. Halafu siku moja unaambiwa ulete picha ya pasipoti kesho asubuhi, ya kadi ya chama, ya kitambulisho, ya kazi. Utafanya nini? Unachukua picha uliyopiga kwa raha zako, unakata kichwa chako, unakipeleka. Kiwiliwili kinabaki nyumbani na watoto. Eveline alisikia kwamba duka la ushirika la Kalenga linatafuta muuzaji anayejua kusoma na kuandika, akakata, akapeleka, akapata kazi. Aliuza sukari na sabuni kwa mwaka mmoja na ushei, kisha akafariki akijifungua mtoto wa pili, ambaye naye hakukaa. Kadi yenye uso wake ilibaki dukani. Duka likaja kufungwa, na kadi ikaenda zinakokwenda kadi za maduka yaliyofungwa.

Yusta alilelewa na mama yake mkubwa, Apolonia, dada wa Eveline. Baba yake, Bartholomeo, alioa tena na kuhamia Ruaha Mbuyuni kulima vitunguu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache akafa nayo. Kwa hiyo kila swali kuhusu Eveline lilimwangukia Apolonia, na Apolonia alikuwa mkulima, si msimuliaji.

"Mama alikuwaje?" mtoto anauliza.

"Alikuwa mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Paji la uso kama lako. Haya, kachote maji."

Shuleni wenzake walimwambia mama yake hana kichwa, naye akapigana na kila aliyesema hivyo, wavulana kwa wasichana. Lakini alipopevuka kidogo alianza kugombana na yule aliye ndani ya fremu. Mtu gani anachukua wembe, anaondoka na uso wake, anamwachia mtoto magoti na kola? Hakuwa na mwingine wa kumuuliza, hivyo akalimeza swali hilo. Kuna maswali yakishamezwa hayashuki wala hayatoki, yanakaa tu hapo kooni, mtu anaolewa nayo, anazaa nayo na kuzeeka nayo.

Kwa vile uso haukuwepo, Yusta alilisoma gauni. Alilijua ua kwa ua. Masista walipomfundisha cherehani, nguo ya kwanza aliyoishona bila kuelekezwa ilikuwa gauni lile, kutoka kwenye ile picha, pamoja na kitu kimoja ambacho hakukiona kwenye gauni jingine lolote duniani: mkunjo mmoja wa ubavuni, upande wa kushoto, unaoanzia kiunoni na kupanda kimshazari kuelekea kwenye mbavu. Sista aliukazia macho mkunjo ule, akasema haumo kwenye kitabu. Yusta akajibu kwamba umo kwenye picha ya mama yake.

Huo mkunjo ndio uliomlisha. Wanawake wa Iringa wakaupenda, kwa sababu unampa mwembamba umbo na mnene unamstahi. Ukienda harusini ukaona gauni lenye mkunjo mmoja wa ubavuni, ujue limetoka Kihesa. Watu wakauita mkunjo wa Yusta, yeye akawasahihisha kila mara kwamba ni mkunjo wa mama yake, nao wakaendelea kuuita mkunjo wa Yusta. Mumewe, Zabron, fundi wa magari na Mbena mwenye mdomo mrefu, alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi ni mume wa pili hapa. Wa kwanza ni hilo gauni."

Mambo yangebaki hivyo kama si jubilei ya parokia. Katekista Silvester, mzee mpole anayependa shughuli, aliwaomba waumini walete picha zao za zamani zitundikwe ukumbini, kila mmoja aone walikotoka. Yusta alisita. Kumtundika mama asiye na kichwa mbele ya parokia nzima si jambo dogo. Zabron ndiye aliyemsukuma. "Kichwa hana, lakini gauni analo," alisema. "Nani mwingine atakuwa na gauni kama lile?"

Jumapili hiyo baada ya misa, ukumbi ulijaa. Waliokuwa na simu zenye picha zao wanakula, wanalala na wanapiga miayo, ambazo hawajazitazama mara mbili, walisimama kimya mbele ya karatasi ndogo zenye kingo za mawimbi. Mimi nadhani najua kwa nini. Watu wa zamani walipokwenda kupigwa picha walikwenda kama wanaokwenda kuonekana na wajukuu. Walioga, walipaka mafuta miguu, walizuia pumzi. Hawakutabasamu kwa sababu jambo lenyewe halikuwa mzaha. Wanakutazama moja kwa moja, nawe unajikuta umeinyoosha kola ya shati lako.

Halafu kicheko kikaanza upande wa wanaume. Mtu mmoja alikuwa amesema, kwa fahari, kwamba ile saa kubwa mkononi mwa babu yake ilitoka Afrika Kusini migodini. Mwingine akasema hapana, ile ni saa ya babu yake yeye, tazama picha hii hapa. Wakasogea, wakakuta saa hiyohiyo imevaliwa na mababu wanne ambao hawakuwahi kujuana. Koti moja la mistari lilikuwa limewavaa warefu na wafupi. Redio moja ilishikwa na kila aliyeketi. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kumbe babu zetu wote walikuwa matajiri wa dakika tano, mali ya studio.

Yusta naye alicheka, mpaka alipogeuka upande wa wanawake. Kushoto kwa picha yake kulikuwa na mwanamke wa Tosamaganga, amesimama, amevaa gauni la maua makubwa lenye kola pana. Chini yake dada wawili, mmoja kavaa gauni hilohilo. Karibu na dirisha, bibi harusi. Gauni hilohilo.

Aliondoka bila kuaga. Nyumbani alikaa kwenye kiti cha cherehani mikono ikiwa mapajani, na Zabron alipoingia hakuthubutu kutania.

"Sasa wewe unalia nini, mke wangu? Ni gauni tu."

"Nilikuwa na kitu kimoja cha mama," Yusta akasema. "Kimoja tu. Kumbe si chake."

Zabron alikwenda jikoni akapika chai mwenyewe, jambo ambalo hulifanya kwenye misiba peke yake.

Kwa siku kadhaa Yusta hakushona mkunjo wowote. Wateja walikuja, akawaambia wangoje. Lakini fundi ni fundi. Jicho lilikuwa limeona kitu pale ukumbini ambacho moyo, kwa kuumia, haukukipokea, na jicho halikumwacha apumzike. Alirudi ukumbini siku ya kazi, hakuna mtu, akasimama mbele ya wanawake wale mmoja mmoja. Mwanamke wa Tosamaganga hakuwa na mkunjo. Yule dada hakuwa nao. Bibi harusi hakuwa nao. Kiuno cha gauni kilikuwa kimenyooka kwa wote. Mkunjo ulikuwa kwa Eveline peke yake.

Hapo matumaini yakamrukia kichwani, na matumaini yakimrukia mtu huwa hayaombi ushahidi. Akamwambia Silvester kwamba bila shaka gauni lilikuwa la mama yake tangu mwanzo, lina mkunjo wake, halafu likauzwa studio, mkunjo ukafumuliwa, ndipo hao wengine wakalivaa. Silvester alikuna kidevu. Hakutaka kumvunja moyo wala kumuunga mkono. Akaigeuza picha moja, akamwonyesha muhuri wa studio mgongoni.

"Huyu ni Suresh, pale karibu na soko," akasema. "Amefariki siku nyingi. Ila mkewe, Mama Nirav, yuko Mbeya kwa mwanawe, Uhindini. Huyo ndiye aliyekuwa anavalisha wanawake. Nenda kamuulize mapema, Yusta. Sisi tuliobaki ni wazee."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkatia tiketi. Apolonia alikuwa amezeeka sana. Ndiye mtu pekee aliyebaki chini ya jua anayeujua uso wa Eveline, na kila Yusta alipokwenda Kalenga alimkuta amepungua kidogo. Akiondoka huyo, uso ule utakuwa umekatwa mara ya pili.

Basi la Mbeya lilimpitisha Mafinga na Makambako kwenye ukungu. Chimala likasimama, akanunua mchele kupitia dirishani, maana hawezi kwenda kwa mama wa watu mikono mitupu. Picha yenyewe alikuwa ameipakata, imefungwa kwa khanga, na jirani yake kwenye kiti alimpa nafasi zaidi akidhani ni kitu cha kuvunjika. Alikuwa amedhani sawa.

Shobha, yule Mama Nirav, alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye sweta juu ya sari na miwani iliyofungwa kamba. Alizaliwa Iringa, na Kiswahili chake ni cha Iringa kabisa. Sebule yao iko juu ya duka la taa na nyaya la Nirav, na dirisha lake linautazama Mlima Loleza.

"Shikamoo, Mama," Yusta akasema, akipokea kiti.

"Marahaba, mwanangu. Kamwene."

Yusta, aliyetoka Iringa asubuhi hiyo, alijikuta ameamkiwa kwa Kihehe na Mhindi katikati ya Mbeya, akacheka bila kutaka, na ule uzito aliopanda nao basi ukapungua. Walizungumza kwanza habari za soko, za baridi, za nani yuko na nani hayupo. Kisha akaifungua khanga.

Shobha hakushtushwa na tundu. Alikuwa ameona matundu mengi. Aliisogeza picha dirishani, akatikisa kichwa polepole.

"Gauni langu," akasema.

Yusta akakisogeza kiti chake karibu.

"Nililishona nilipoolewa. Wanawake walikuwa wanakuja kutoka vijijini na khanga zao, wanaona magauni kwenye magazeti, wanataka na wao. Suresh akaniambia, Shobha, lile gauni lako zuri, tuliweke studio. Nikanuna wiki nzima." Akatabasamu. "Halafu nikaona wanavyotembea wakilivaa. Sikuliomba tena."

Matumaini ya Yusta yalikufa hapo, kwa upole, mbele ya sahani ya chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vya kukaanga. Lakini hakuwa amesafiri njia yote ile ili asiulize. Akaweka kidole kwenye kioo cha fremu.

"Na huu mkunjo, Mama? Wengine hawana. Mimi nimeushona maisha yangu yote. Ndio unaosomesha watoto wangu. Huu ni wa nini?"

Shobha aliinamia picha mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha kifuani, akaushika mkono wa Yusta ili asidhani anachekwa.

"Mwanangu, huo si mshono. Hiyo ni pini."

"Pini?"

"Gauni lilikuwa moja, wanawake wa kila saizi. Mnene nilimwachia zipu wazi mgongoni. Mwembamba nilimbana kwa pini, hukohuko mgongoni, picha haioni. Mama yako ni mwembamba, gauni limempwaya." Akakunja uso. "Lakini huyu nimembana ubavuni. Mimi sikuwa nabana ubavuni, pale pini inaonekana. Kwa nini nilimbana ubavuni?"

Walitazama wote wawili. Nirav, ambaye alikuwa amepanda kunywa chai, naye akanyoosha shingo. Shobha ndiye aliyeona. Kwenye bega la Eveline, chini ya ile kola pana, palichungulia ncha ya kitambaa ambayo Yusta siku zote aliidhani ni mtandio.

"Mbeleko," Shobha akasema. "Hakuifungua. Amevaa gauni juu yake, amekuja na mtoto mgongoni, amemshusha dakika moja tu ya picha, na kitambaa bado kimefungwa mgongoni, akivua gauni amrudishe. Mgongo umejaa kitambaa, sikuwa na pa kubana."

Yusta aliitazama pini ile kwa muda mrefu. Mabibi harusi wangapi wa Iringa walikuwa wametembea kuelekea altareni wakiwa na pini ya Shobha ubavuni, kwa sababu mwanamke mmoja hakutaka kufungua mbeleko? Alitaka kucheka na alitaka kulia, akafanya yote mawili, na Shobha akamsogezea chai. Gauni lilikuwa la studio. Mkunjo ulikuwa wa mama yake, tena na wake yeye aliyekuwa kwenye hiyo mbeleko.

"Unamkumbuka, Mama?" akauliza hatimaye. "Sura yake?"

"Sitakudanganya, mwanangu. Simkumbuki. Walikuwa wengi." Kisha Shobha akamgeukia mwanawe. "Nirav, leta makopo."

Nirav alivuta pumzi ya mtu ambaye amebishana na mama yake juu ya makopo hayo kwa miaka. Yalikuwa makopo ya biskuti, kabati zima, yamehamishwa kutoka Iringa kwa lori pamoja na vitanda. Ndani yake zilikuwa filamu za studio, zile watu wa kazi hiyo wanazoziita negativu, zimekatwa vipande vya picha tatutatu na kufungwa kwenye karatasi laini, kila kopo na mwaka wake.

"Suresh hakukubali zitupwe," Shobha akasema. "Nikimwambia zinajaza nyumba, anasema watu watarudi kuzitafuta. Amekufa anangoja. Mimi nikaendelea kungoja kwa niaba yake." Akalifungua kopo la mwaka aliozaliwa Yusta. "Wewe ndiye wa kwanza kurudi."

Wakaketi dirishani, wote watatu, kila mmoja na rundo lake, wakiinua vipande kwenye mwanga. Kwenye negativu ulimwengu umegeuka, nyuso nyeusi zimekuwa nyeupe, nywele nyeupe kama za wazee, na mtu huwezi kumjua hata ndugu yako. Yusta angemtafutaje mama ambaye hajawahi kumwona? Hakutafuta uso. Alitafuta gauni, na alipolipata gauni alitafuta mkunjo. Magauni yalikuwa mengi. Kila mara aliposema "hili hapa," kiuno kilikuwa kimenyooka. Nirav, aliyeanza kwa kuguna, alikuwa sasa amesahau duka lake huko chini, anawasimulia juu ya mzee mmoja aliyepigwa picha ameshika simu ya mezani isiyo na waya.

Ni Yusta aliyekipata kipande chenyewe. Mtoto mapajani, gauni, kola, na ubavuni ule mstari ambao vidole vyake viliujua kuliko mistari ya viganja vyake. Kipande kikataka kumponyoka, Nirav akakipokea kabla hakijaanguka.

Kilikuwa na picha tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bwana mwingine na redio. Ya mwisho, ile iliyosafishwa na kupelekwa Kalenga, ilikuwa imegandamana na karatasi, ukungu umeila, uso umekuwa doa. Yusta aliliona lile doa na kitu ndani yake kikaketi chini.

"Hii ya katikati ni nzima," Nirav akasema. "Ni wao pia."

"Hiyo imeharibika," Shobha akasema, akiichunguza. "Ametazama chini. Suresh alikuwa anawaambia, tazama kamera, tazama kamera. Mtu akitazama chini anapiga tena. Zilizoharibika hatukusafisha. Imebaki tu kwa sababu imeshikana na wenzake."

Nirav aliweka filamu juu ya kioo cha tableti iliyowaka nyeupe, akaipiga kwa simu yake, akagusa mahali fulani, na ulimwengu ukageuka tena, weusi ukarudi kuwa weusi. Akampa Yusta simu.

Mwanamke kijana sana, mdogo kuliko binti za Yusta. Paji la uso pana. Mtoto amekamata kola ya gauni la studio kwa ngumi, anaivuta, na mwanamke ameinamisha kichwa, mdomo umebana kicheko kinachotoroka pembeni. Hajui kama kuna kamera. Hajui kama kuna Suresh anayempigia kelele, wala ngazi za jumba nyuma yake. Anamtazama mtoto.

Yusta alikuwa amejiandaa, maisha yake yote, kwa uso utakaomtazama mtu yeyote anayesimama mbele ya fremu. Hakujiandaa kwa huu. Akalia kwa sauti, bila aibu, sebuleni kwa watu, na Shobha akalia naye, na Nirav akashuka kwenda kuangalia duka.

"Pole kwa kuwa imeharibika," Shobha akasema baadaye, akifuta miwani.

"Haijaharibika, Mama. Asante. Mungu akubariki wewe na mzee. Asanteni kwa kungoja."

Shobha alikuwa amelifumbata lile kopo la biskuti kwa mikono miwili, na alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba mumewe alikuwa sahihi, na akafurahi kushindwa.

Kesho yake Nirav aliisafisha picha kwenye karatasi nzuri, kubwa, akakataa hata kusikia habari ya kulipwa, na Yusta akarudi Iringa. Hakupitia nyumbani. Zabron alimpokea stendi kwa pikipiki, akaiona ile picha, akavua kofia. Aliendesha mpaka Kalenga bila kusema utani wowote, na hilo pia linastahili kuandikwa.

Apolonia alikuwa ameketi mlangoni kwake, kwenye jua, anapukuchua mahindi. Yusta alipiga magoti, akamwekea picha mapajani, akangoja. Bibi aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaitafutia mwanga.

"Ndiye," akasema. "Huyu ndiye Eveline. Na ndivyo alivyokuwa. Ukimwita kula hasikii, anakutazama wewe."

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliniuliza sura. Nikakwambia paji la uso." Apolonia alionekana ameshangaa kweli. "Hayo mengine nilidhani unayajua."

Yusta alikuwa na ile ya zamani pia, bado imefungwa khanga. Akaitoa akaziweka pamoja, na kwa mara ya kwanza swali lililokuwa kooni miaka yote likapata njia. Hakulisema kwa hasira. Alisema tu, akigusa tundu, "Hapa nilikuwa namlaumu. Kujikata akaniacha."

Apolonia alicheka kicheko cha watu wasio na meno mengi. Akaushika mkono wa Yusta, akauongoza kwenye kona ile ya chini ya tundu, ile iliyopinda.

"Unaona hapa? Mimi nilikuwepo, nimeshika taa. Nikamwambia kata moja kwa moja, Eveline, wanataka picha ya pembe nne. Akasema, hapa pana nywele za mwanangu. Akapindisha wembe." Kidole kikapita polepole juu ya kichwa cha mtoto, ambacho hakikuguswa hata unywele. "Kule dukani walimcheka kila siku, kadi yake ilikuwa na kona iliyoliwa. Akawaambia ndivyo ilivyo, hana nyingine."

Yusta aliweka kidole chake palepale, kwenye kupinda kwa wembe, akakiacha hapo. Alikuwa amepitisha macho kwenye kona ile maisha yake yote akidhani ni haraka.